Mwisho wa Injini za Mvuke Marekani, na Neno Lake Kwetu



Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Katika tahariri hii twataka kuwaeleza jinsi wenzetu wa reli za Marekani walivyonyolewa kati ya mwaka wa 1939 na ile miaka ya 1960, injini za mvuke zilipoondolewa njiani na dizeli ikashika mahali pake.

Wako watakaouliza: mambo ya Marekani yatuhusu nini sisi, tena mambo ya zamani? Yatuhusu kwa sababu kazi ya reli ni moja popote. Hata reli yetu hii ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa, baadhi ya injini zake za kwanza zilitoka kiwanda cha Baldwin, mjini Philadelphia. Tena, wafanya kazi wa Marekani ndio waliochanga fedha katika miaka ya 1950 za kujengea Solidarity House, Nairobi. Basi habari zao si habari za watu wa mbali.

Neno letu ni hili, nasi twalisema mapema lisije likapotea katikati ya maneno mengi. Mashine haimfukuzi mtu kazini. Mtu hufukuzwa na karatasi iliyotiwa sahihi, au na karatasi ambayo haikutiwa sahihi kabla mashine haijafika. Na chama kinachowafungia mlango baadhi ya wafanya kazi kinajikata mguu chenyewe. Haya yote yalionekana Marekani waziwazi.

JINSI DIZELI ILIVYOINGIA

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka wa 1945, reli kubwa za Marekani zilikuwa na injini za mvuke karibu 40,000. Nyingine zilikuwa kubwa kupita kiasi. Kampuni ya Union Pacific ilikuwa na injini 25 zilizoitwa Big Boy, zilizojengwa na kiwanda cha Alco kule Schenectady kati ya mwaka wa 1941 na 1944. Wazee wetu wanazikumbuka zile Garratt kubwa za daraja la 59 zilizokuja hapa mwaka wa 1955 na 1956, ambazo kila moja ilikuwa na uzani wa tani 252. Big Boy pamoja na gari lake la makaa na maji ilikuwa nzito zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mtu aliyeiona ikipanda milima ya Wyoming na mzigo nyuma yake asingeamini kwamba siku zake zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa.

Lakini zilikuwa zimehesabiwa tangu mwaka wa 1939. Mwaka huo kampuni ya General Motors ilitoa injini ya dizeli ya kuvuta mizigo, namba 103, iliyojengwa La Grange katika jimbo la Illinois. Ilikuwa ya vipande vinne vilivyoungwa pamoja, yenye nguvu za farasi 5,400. Ilitembezwa kwa muda wa karibu mwaka mmoja katika njia za kampuni 20, mwendo wa maili 83,000, ikivuta mizigo penye baridi na penye jangwa. Wakubwa wa reli walifuatana nayo, wakiandika hesabu.

Hesabu yenyewe mtu yeyote wa shedi ataifahamu. Katika kila mafungu 100 ya joto la makaa, injini ya mvuke ilitumia mafungu 6 au 7 tu kuvuta gari. Mengine yote yalipotea angani. Dizeli ilitumia mafungu 25 na zaidi. Injini ya mvuke ilitaka maji kila baada ya mwendo si mrefu, ilitaka kutolewa majivu, ilitaka boila lake lioshwe mara kwa mara, na ilitaka kuwashwa saa nyingi kabla ya safari. Dizeli iliwashwa ikaenda. Tena, injini mbili za mvuke zikifungwa pamoja zilitaka madereva wawili na watia makaa wawili. Vipande vinne vya dizeli viliendeshwa na dereva mmoja aliyekaa mbele. Tusidanganyane, ndugu: hesabu hii ya mwisho iliwapendeza wenye kampuni sana, maana mafuta yana bei, lakini mshahara nao una bei.

Wakati wa vita serikali iliweka mpaka juu ya ujenzi wa dizeli, na reli nyingi zikalazimika kuongeza injini za mvuke. Vita vilipokwisha mlango ukafunguka. Migomo ya wachimba makaa, waliokuwa wakidai haki yao chini ya kiongozi wao John L. Lewis, nayo iliwafanya wenye reli waharakishe kuyaacha makaa. Kufika mwaka wa 1952 dizeli zilikuwa nyingi kuliko injini za mvuke. Gulf, Mobile and Ohio iliacha mvuke kabisa mwaka wa 1949, Southern mwaka wa 1953, Pennsylvania mwaka wa 1957. Union Pacific ilivuta mizigo kwa Big Boy mara ya mwisho mwezi wa Julai, 1959. Tarehe 27 Machi, 1960, gari la abiria la Grand Trunk Western lilitoka Detroit kwenda Durand likivutwa na injini ya mvuke namba 6323, na hilo likawa la mwisho la namna yake katika safari za kawaida za njia kuu.

Viwanda navyo vilifuata. Alco waliacha kujenga injini za mvuke mwaka wa 1948. Kiwanda cha Lima, katika jimbo la Ohio, kilitoa injini yake ya mvuke ya mwisho mwaka wa 1949. Baldwin, ambao walikuwa wamejenga injini zaidi ya 70,000 tangu miaka ya 1830, waliacha kabisa kazi ya injini za reli mwaka wa 1956.

UFUNDI PEKE YAKE HAUKUWAOKOA

Wako mafundi wasemao: mimi naijua kazi yangu, hakuna atakayenigusa. Na wasikie habari za Norfolk and Western.

Reli hiyo ilipita katika nchi ya makaa, ikibeba makaa, ikichoma makaa. Injini zake ilizijenga yenyewe katika karakana yake ya Roanoke, Virginia, na mafundi wake walisifiwa kote. Hawakukaa tu wakizisifu injini zao. Walijenga shedi mpya ambamo injini iliingia, ikatiwa mafuta ya kulainisha, ikakaguliwa, ikatoka kwa muda mfupi ambao shedi nyingine hazikuuweza. Mwezi wa Desemba, 1953, walimaliza kujenga injini ndogo ya kupanga mabehewa, namba 244. Hiyo ilikuwa injini ya mvuke ya mwisho kujengwa kwa ajili ya kazi ya reli kubwa za Marekani.

Nini kilichowashinda basi? Walibaki peke yao. Viwanda vya nje vilivyokuwa vikiwauzia vifaa vilikuwa vikifungwa kimoja kimoja, kwa kuwa hapakuwa na wanunuzi wengine. Mwaka wa 1958 akaja mkubwa mpya wa kampuni, Stuart Saunders, akaamua kununua dizeli. Mwezi wa Mei, 1960, moto ukazimwa. Fundi bora kuliko wote alizimiwa moto sawasawa na fundi wa kawaida. Tofauti ilikuwa miaka michache tu.

MJI ULIOKAUKA

Mwaka wa 1951 mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Fred Cottrell, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya reli, aliandika habari za mji mdogo katika jangwa la magharibi ya Marekani, akauita Caliente. Mji huo ulikuwapo kwa sababu moja tu. Injini ya mvuke haikuweza kwenda mbali bila kupumzishwa na kutazamwa, kwa hiyo palihitajika mahali pa kubadilishia injini na wafanya kazi wake. Hapo ndipo reli ilipojenga shedi, na watu wakaja na wake zao na watoto wao.

Watu hao hawakuwa wavivu. Walinunua viwanja, wakajenga nyumba, wakafungua maduka. Walitoa fedha zao mji upate maji. Walipata shule na hospitali. Walifanya yale yote ambayo wakubwa, walimu na wahubiri humwambia mfanya kazi ayafanye: tulia mahali pamoja, weka akiba, jenga nyumba yako, tumikia kampuni moja kwa uaminifu.

Dizeli ilipokuja, gari halikuhitaji tena kusimama pale. Lilipita.

Sasa angalieni ni nani aliyelipa. Kampuni iliokoa fedha. Yule kijana asiye na nyumba wala familia, aliyekuwa akihama hama, alibeba sanduku lake akaenda zake. Aliyelipa ni yule aliyejenga. Nyumba yake haikupata mnunuzi, maana ni nani atakayenunua nyumba katika mji usio na kazi? Duka lake lilikosa wateja. Ufundi wake wa boila, alioujifunza kwa miaka mingi, haukutakiwa mahali popote. Cottrell aliandika wazi kwamba waliofuata mashauri mema ndio walioumia kuliko wengine. Maneno hayo ni machungu, lakini yafaa tuyaweke moyoni, maana hata sisi tuna miji iliyozaliwa na reli.

Ilikuwa vivyo hivyo kwa wachimba makaa. Wakati wa vita reli za Marekani zilichoma zaidi ya tani milioni 100 za makaa kila mwaka. Kufika mwaka wa 1960 soko hilo lilikuwa karibu limekwisha kabisa. Na wafanya kazi wa reli wenyewe, ambao mwaka wa 1945 walikuwa kama milioni 1.4, kufika mwaka wa 1960 walikuwa chini ya 800,000. Hatusemi kwamba ni dizeli peke yake. Malori, motokaa na ndege vilichukua mizigo na abiria. Lakini fundi boila, mhunzi, mtoa majivu na mtia maji walijua vizuri ni kitu gani kilichowaondoa wao.

KARATASI MBILI

Je, vyama vyao vilikuwa wapi? Vilikuwapo, tena vyenye nguvu. Angalieni karatasi mbili walizotia sahihi kabla ya vita.

Karatasi ya kwanza ni ya mwezi wa Mei, 1936, yaitwa Mapatano ya Washington. Vyama 21 vilipatana na kampuni nyingi za reli kwamba kampuni mbili zikiunganisha kazi zao, na mtu akapoteza kazi kwa sababu hiyo, atalipwa asilimia 60 ya mshahara wake kwa muda unaolingana na miaka ya utumishi wake, hata kufika miaka mitano. Ni mapatano mazuri sana. Lakini yalihusu kuunganishwa kwa reli tu. Hayakusema neno juu ya mashine mpya. Walifunga mlango wa mbele kwa komeo imara, na dizeli ikapitia mlango wa nyuma. Fundi wa Caliente hakuweza kuyatumia.

Karatasi ya pili ni ya mwaka wa 1937. Chama cha watia makaa, yaani mafayamani, kilipatana na kampuni kwamba kila dizeli kubwa ya njiani itakuwa na fayamani ndani yake pamoja na dereva. Wakati ule dizeli zilikuwa chache mno, na kampuni ziliona ni jambo dogo. Dizeli zilipokuwa maelfu, karatasi ile ndogo ikawa ngome. Iliwalinda mafayamani kwa zaidi ya miaka 20, hali fundi boila, ambaye hakuwa na karatasi kama hiyo, alikuwa amekwisha kwenda nyumbani.

Hapo pana fundisho kubwa. Dai likiletwa wakati mashine ni moja, mwajiri hutia sahihi huku akitabasamu. Dai lilo hilo likiletwa wakati mashine ni elfu, hulikataa hata kwa mgomo. Mafayamani wenyewe waliliona hilo mwezi wa Mei, 1950. Walidai fayamani wa pili katika dizeli za vipande vingi, wakagoma siku sita katika reli nne kubwa, wakarudi kazini bila kumpata. Walikuwa wamechelewa.

HABARI ZA BWANA STEELE

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo chama kile cha mafayamani hakiwezi kujisifia, nasi hatuwezi kuificha.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani, Wamarekani weusi wengi walikuwa mafayamani. Walipewa kazi hiyo zamani kwa sababu ilikuwa kazi ya jasho, joto na vumbi, na weupe wengi hawakuitaka. Hawakuruhusiwa kupandishwa kuwa madereva. Wala chama cha mafayamani hakikuwapokea kuwa wanachama. Walakini kwa sheria ya kazi za reli, chama hicho ndicho kilichokuwa na haki ya kusema na mwajiri kwa niaba ya mafayamani wote, weusi kwa weupe.

Mitambo ya kutia makaa yenyewe ilipokuja, na baadaye dizeli, kazi ya fayamani ikawa safi na nyepesi. Ndipo weupe walipoitamani. Mwaka wa 1940, bila kuwaambia mafayamani weusi hata neno, chama kilizipelekea barua kampuni 21 za reli, hasa za kusini-mashariki, kikitaka watu weusi waondolewe polepole katika kazi hiyo. Mwezi wa Februari, 1941, yakatiwa sahihi mapatano kwamba weusi wasizidi nusu ya mafayamani katika kila namna ya kazi, na mpaka hapo kila nafasi mpya ipewe mtu mweupe.

Katika jimbo la Alabama alikuwako fayamani mweusi wa reli ya Louisville and Nashville, jina lake Bester William Steele. Alikuwa akifanya kazi katika magari ya abiria, kazi nzuri ya malipo mazuri. Mwezi wa Aprili, 1941, nafasi yake na za wenzake weusi zilitangazwa kuwa wazi, wakapewa weupe walioanza kazi nyuma yao na ambao hawakuwashinda kwa ujuzi. Bwana Steele alikaa siku 16 bila kazi. Kisha akapewa kazi ya magari ya mizigo, ngumu zaidi na yenye malipo kidogo. Halafu akashushwa tena akapelekwa kwenye injini ya kupanga mabehewa.

Hakunyamaza. Alikwenda mahakamani, na wakili wake alikuwa Charles Hamilton Houston. Mahakama za Alabama zilimkataa. Alipanda mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na tarehe 18 Desemba, 1944, mahakama hiyo ilitoa hukumu kwamba chama kilichopewa na sheria haki ya kusema kwa niaba ya wafanya kazi wote, hakina budi kuwatetea wote kwa haki, hata wale ambao si wanachama wake, bila kuwabagua kwa rangi. Hukumu hiyo haikukilazimisha chama kuwapokea weusi. Lakini ikawa nguzo, na vyama vya Marekani vyapimwa kwayo hata leo.

Ndugu, tufikiri vizuri juu ya jambo hili. Chama kilikuwa na nguvu nyingi katika miaka ile ambapo dizeli zilikuwa bado chache. Nguvu hizo zingetumika kudai malipo kwa kila atakayeondolewa na mashine, na mafunzo kwa kila atakayebadilishwa kazi. Badala yake sehemu ya nguvu hizo ilitumika kumnyang'anya mtu mweusi kiti chake na kumpa mweupe. Na kiti chenyewe kilikuwa kiti gani? Kilikuwa kiti ambacho baada ya miaka 20 na zaidi kilianza kufutwa, kwa weusi na kwa weupe.

SHERIA YA MWAKA WA 1963

Mwaka wa 1959 kampuni za reli zilianza vita rasmi dhidi ya fayamani wa dizeli. Zililipia matangazo katika magazeti kuwaambia raia kwamba reli zinawalipa watu wasiofanya kazi. Fayamani alijibu kwamba anatazama ishara, anatazama mitambo, na dereva akianguka kwa ugonjwa yuko mtu wa kushika injini. Tume iliyowekwa na Rais Eisenhower ilisikiliza pande zote mbili, na mwaka wa 1962 ikashauri kwamba fayamani aondolewe katika magari ya mizigo na katika yadi.

Vyama vilijitayarisha kugoma. Lakini vyama vya waendesha magari vilikuwa vitano: cha madereva, cha mafayamani, cha magadi wakuu, cha wafunga breki, na cha wapanga mabehewa, kila kimoja na mkubwa wake na ofisi yake. Tarehe 28 Agosti, 1963, Rais Kennedy alitia sahihi sheria iliyokataza mgomo huo na kuipeleka habari ya fayamani mbele ya waamuzi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali ya Marekani kuwalazimisha wafanya kazi wakubali uamuzi wa namna hiyo wakati wa amani. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule waamuzi walisema kwamba asilimia 90 ya nafasi za mafayamani katika mizigo na yadi zaweza kufutwa. Waliokuwa na utumishi mfupi walilipwa wakaenda. Waliokuwa na miaka mingi waliachwa na haki ya kuendelea. Vijana hawakuandikwa tena. Ugomvi wa fayamani ulikwisha kwa mapatano mwaka wa 1972, na kazi hiyo ikaachwa ife yenyewe kadiri wazee walivyostaafu.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 28 Agosti, 1963, katika mji huo huo wa Washington, watu kama 250,000 walikuwa wakiandamana kudai kazi na uhuru kwa Wamarekani weusi. Kiongozi wa maandamano alikuwa A. Philip Randolph, mtu wa reli. Chama chake cha wahudumu wa mabehewa ya kulala kilianzishwa mwaka wa 1925, na kilipigana miaka 12 mpaka kampuni ya Pullman ilipotia sahihi mapatano nacho mwaka wa 1937. Basi siku moja, mji mmoja, wafanya kazi wa reli walikuwa na vita viwili: weusi njiani wakidai kazi, na chama cha mafayamani kikipoteza kazi kwa sheria. Hatuwezi kujua kama kuwa pamoja kungeigeuza sheria ile. Twajua tu kwamba hawakuwa pamoja.

Mwaka wa 1969 vyama vinne kati ya vile vitano viliungana kuwa chama kimoja. Mvuke ulikuwa umekwisha zamani.

YATUPASA NINI SISI

Hapa Kenya twaijua hadithi ya viti vilivyogawanywa kwa rangi. Wakati wa ukoloni Mzungu alikuwa na mshahara wake, Mhindi wake na Mwafrika wake, hata kama wote walikuwa na moshi ule ule puani. Hayo yamepita. Mvuke nao umepita. Garratt zetu za daraja la 59 sasa zatazamwa na watoto wa shule katika makumbusho ya reli, Nairobi. Mwaka wa 2017 ilifunguliwa njia mpya ya SGR kutoka Mombasa, na siku hizi tiketi hununuliwa kwa simu. Mashine hazijaisha kuja, wala hatuombi ziishe. Hakuna mwenye akili anayetaka kurudi kupiga koleo kwenye joto la boila ili tu aitwe mfanya kazi.

Twataka kila tawi lizungumze mambo haya katika mkutano wake:

Kwanza, mashine mpya ikisikika tu, tuulize. Tusingoje ifike bandarini. Tuulize ni kazi za nani zitakazoguswa, na wangapi. Wale wanawali wenye busara walichukua mafuta pamoja na taa zao kabla bwana arusi hajafika.

Pili, dai letu liandikwe wakati mashine ni moja. Mafayamani wa mwaka wa 1937 walikaa miaka 20 chini ya kivuli cha karatasi ndogo.

Tatu, karatasi hiyo itaje mashine kwa jina. Haitoshi kusema juu ya kampuni kuungana, au ofisi kuhamishwa. Mapatano ya Washington yalikuwa mazuri, lakini yalitazama upande mmoja tu.

Nne, anayeijua kazi ya zamani awe wa kwanza kufundishwa kazi mpya, hata kama nywele zake zina mvi. Asiambiwe ni mzee wa kujifunza, hali jana aliambiwa ni fundi wa kuwafundisha wengine.

Tano, aliyejenga nyumba karibu na steshini kwa kuamini kazi yake ahesabiwe hasara yake. Mshahara si kitu pekee kinachopotea kazi ikihama.

Sita, kibarua na mtu wa mkataba wa miezi mitatu watajwe ndani ya karatasi hiyo. Wako wanachama wanaosema: hao si wetu, waondoke wao kwanza. Ndivyo walivyosema wale waliomwondoa Bwana Steele. Anayeondolewa kwanza kwa ridhaa yetu anamfundisha mwajiri njia ya kutuondoa sisi.

Injini ya Big Boy namba 4014 ilitengenezwa upya na mafundi wa Union Pacific kule Cheyenne, ikarudi njiani mwaka wa 2019. Watu kwa maelfu walisimama kando ya reli kuitazama, wengine wakitoa machozi, nasi hatuwalaumu; ni injini nzuri. Lakini katika miaka ile ya 1950, fundi boila aliyetoka langoni na sanduku lake la vyombo hakupigiwa honi na mtu. Injini ilipata watu wa kuikumbuka na kuitafutia fedha. Fundi alikuwa na chama chake tu, na chama hakikuwa kimeandika jina la kazi yake mahali palipotakiwa.

Tuliandike letu sasa.

Mhariri